Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: tuleteeni fundi wa miguu kabla ya miguu

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma,
Mganga Mkuu wa Mkoa,
Afisa Michezo wa Mkoa,
na Waheshimiwa Wabunge wa majimbo yetu yote.

YAH: WAKIMBIAJI WALIOKATWA MIGUU NA HUDUMA YA VIUNGO BANDIA

Waheshimiwa, nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Najua mmeshaitikia kimoyomoyo, basi na iendelee kweli.

Mimi ni fundi pikipiki hapa Mwanga, mjini Kigoma. Kabla sijashika spana nilikuwa mkimbiaji wa mita 800, na nikiwa kidato cha tatu nilifika UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Sikurudi na medali. Nilirudi na raba mpya na sifa za mtaani zilizonitosha mwaka mzima. Mguu wangu wa kushoto ulikatwa chini ya goti baada ya ajali ya lori na pikipiki kwenye barabara ya Kasulu. Ajali za namna hiyo mnazisikia kila siku, kwa hiyo yangu sitairefusha.

Ninachotaka kuwaeleza kinaning'inia ukutani, katika nyumba moja kule Ujiji. Ni mguu wa kukimbilia, wa nyuzi za kaboni, mweusi, umepinda kama herufi J, unang'aa kama tangi la pikipiki lililotoka dukani leo. Wenyewe waliouleta wanauita bledi. Sisi tumezoea kuuita upinde. Ulikuja na wafadhili, pamoja na maboksi ya miguu ya kawaida ya kutembelea. Siku ile kulikuwa na turubai, maspika, maji ya chupa na risala. Kijana wa miaka 16, aliyeumwa na nyoka kwenye michikichi ya babu yake hadi mguu ukaoza, alipigwa picha akiwa ameukumbatia. Picha ilizunguka kwenye magrupu yote ya WhatsApp mnayoyajua, na mengine mmo humo humo.

Jumamosi iliyofuata aliuvaa uwanjani. Alikimbia mita kama 40, akakaa chini. Alipouvua, kigutu kilikuwa chekundu kama nyama ya buchani. Hajauvaa tena. Mama yake ameutundika kwenye msumari karibu na kalenda, na mgeni akiingia, kabla hajakaribishwa maji, anauliza kile ni kitu gani.

Simlaumu aliyeuleta. Alitoa kitu cha thamani ya maelfu ya dola, na mimi sijawahi kumpa mtu yeyote kitu cha thamani hiyo. Ila wazee walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mguu wa kuazima nao una tabia hiyo hiyo. Nimeuchunguza kwa macho ya ufundi, na nawaomba mnivumilie nieleze nilichokiona, maana ombi langu lote limekaa humo.

Mguu wa kukimbilia una vitu vitatu. Juu kuna soketi, yaani kile kikombe kinachomeza kigutu. Chini kuna upinde wenyewe. Katikati kuna vyuma na skrubu vya kuviunganisha na kupanga pembe. Watu wakiona picha za mashindano, macho yote yanakwenda kwenye upinde. Ukimuuliza aliyekatwa mguu atakuonyesha soketi. Mtu akikimbia, kila hatua inapotua ardhi humrudishia nguvu ya mara mbili hadi mara tatu ya uzito wake. Kijana wa kilo 50 anapokea kilo 100 mpaka 150, mara moja, kisha tena, kisha tena, na zote zinapita kwenye ngozi ambayo Mungu hakuiumba kwa kukanyagia. Kwa aliyekatwa chini ya goti, soketi nzuri hubeba mzigo huo pale ambapo mwili unauweza, kwenye ule mshipa mnene ulio chini ya kifuniko cha goti na kwenye nyama za pembeni, na huiachia nafasi ncha ya mfupa isiguswe sana. Ndiyo maana haitengenezwi kwa kukisia. Fundi anakifunga kigutu chako kwa plasta, anapata umbo, anajaza plasta nyingine ndani yake, halafu anakaa na msasa: hapa anapunguza, pale anaongeza, huku akikuuliza panapouma. Ndipo anavika plastiki ya moto juu ya lile umbo.

Soketi ya yule kijana ilichongwa kwa ajili ya kigutu cha mtu mwingine, nchi nyingine. Walijaza nafasi kwa soksi nne.

Halafu upinde wenyewe. Kule kiwandani tabaka za kaboni hupangwa nyingi au chache kulingana na uzito wa mkimbiaji na kasi anayoitafuta. Ule ulioko ukutani una alama ya uzito, na uzito huo ni wa mwanamume wa kilo 80 na ushee. Madereva bodaboda watanielewa haraka kuliko maofisa: ukichukua springi za bajaji ya mizigo ukazifunga kwenye pikipiki ya mtu mwembamba, hazibonyei. Kila shimo linampanda mpaka shingoni. Kijana wetu alikuwa anakanyaga upinde usiopinda.

Kitu cha tatu sikukijua mpaka nilipoelezwa na mtaalamu: urefu na pembe. Upinde huanza kupangwa mrefu kidogo kuliko mguu mzima, kwa sababu unapokanyagwa unabonyea. Ukikosea kidogo tu, nyonga inainama, mgongo unalipa. Skrubu za kurekebisha zipo. Mwenye kuzijua hakuwepo.

Sasa niwaambie ujinga wangu mwenyewe, msije mkadhani nawacheka wengine. Baada ya tukio lile nilisema moyoni, upinde ni springi tu, na springi mimi nazijua. Nilinunua springi bapa ya pikapu kwa wauza skrepa, nikaikata, nikaipinda, rafiki yangu mchomeleaji akaiunganisha na bomba la mguu wangu wa kutembelea. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo mbili, ilhali upinde wa kaboni wenyewe haufiki kilo moja. Nilikimbia mara mbili. Mara ya kwanza niligundua kwamba kuzungusha kilo mbili mwishoni mwa mguu ni kama kukimbia na ndoo. Mara ya pili ilikatika pale pale tulipochomelea, kwa sababu moto wa kuchomelea huua ugumu wa chuma cha springi, jambo ambalo fundi yeyote wa gereji analijua na mimi nililijua pia, ila tamaa ilinizidi. Kovu ninalo kidevuni. Binti wa Mwandiga, naye nitamtaja baadaye, alicheka mpaka akakaa chini.

Hata huko ulikoanzia, upinde haukuanzia kwenye utajiri. Mwaka 1976 kijana Mmarekani, Van Phillips, alipoteza mguu chini ya goti katika ajali akiteleza juu ya maji nyuma ya boti. Alipewa mguu wa wakati ule, mti na mpira, kitu cha kusimamia. Hakuukubali. Alikwenda kusoma ufundi wa viungo bandia, na katika miaka ya 1980 akatengeneza mguu wa kaboni alioupa jina la Flex-Foot. Baadaye akatoa wa kukimbilia, na umbo lake akaliiga kwenye mguu wa nyuma wa duma. (Duma tunao sisi, tunawatoza watalii kuwaangalia. Mguu wakautengeneza wao.) Kaboni inapenda kupindwa na kurudi: ukiikanyaga inaweka nguvu yako kama akiba, ukiinua inakurudishia karibu yote. Mguu wa kutembelea hauna akiba hiyo. Kisigino chake kinagonga ardhi, nguvu inapotea, mshtuko unapanda gotini.

Tangu hapo mambo yalikwenda mbio. Aimee Mullins alikimbia na miguu miwili ya aina hiyo kwenye Paralimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Mwaka 2012 jijini London, Mwingereza Jonnie Peacock, aliyepoteza mguu mmoja utotoni kwa homa ya uti wa mgongo, alishinda mita 100 kwa sekunde 10.90. Mwaka 2019 huko Dubai, Mjerumani Johannes Floors, asiye na miguu yote miwili chini ya magoti, alimaliza mita 400 kwa sekunde 45.78. Mimi na miguu yangu yote miwili, nikiwa na miaka 17 na raba mpya, nisingeiona hata mgongo wa jezi yake.

Lakini upinde hauna uchawi, na hapa nazungumza na kiongozi mmoja ambaye simtaji. Nilipompelekea ombi letu alitabasamu akaniambia, "Mkipewa hizo springi si mtawashinda wazima?" Mheshimiwa, nakujibu sasa kwa utulivu, maana siku ile sikuwa nao.

Upinde unarudisha nguvu uliyoweka. Hauongezi. Kifundo cha mguu wa nyama kina msuli wa nyuma unaosukuma wenyewe, upinde hauna msuli. Kwa hiyo mkimbiaji wa upinde anateseka pale mbio zinapoanza, kwa sababu hajakanyaga bado, hana akiba ya kurudishiwa. Kwenye kona anateseka tena. Riadha inazunguka kwa kushoto, na watafiti wameshapima kwamba aliyekatwa mguu wa kushoto, ule wa ndani ya kona, anapoteza mwendo kuliko aliyekatwa wa kulia. Mimi ni wa kushoto. Hata kwa mguu huu wa kutembelea, kona za Uwanja wa Lake Tanganyika zinanijua. Na mwenye pinde mbili hawezi hata kusimama akatulia, hana kisigino, inabidi apigepige hatua kama mtu anayesubiri choo.

Hoja ya upendeleo ilishafika mahakamani. Januari 2008 Shirikisho la Riadha la Dunia la wakati ule, IAAF, lilimzuia Oscar Pistorius wa Afrika Kusini kukimbia na wazima. Mei mwaka huo huo Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaliondoa zuio, kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba pinde zake zinampa faida ukijumlisha mbio nzima, na mwaka 2012 akafika nusu fainali ya mita 400 kwenye Olimpiki ya London. (Makosa yake ya baadaye ni ya mahakama nyingine.) Mjadala haujaisha. Siku hizi wenye pinde mbili wanawekewa kikomo cha urefu ili mtu asijirefushe, na wapo waliozuiwa kwa kikomo hicho. Una wataalamu wake na una haki ya kuendelea. Ila kuuleta Kigoma, ambako upinde pekee ninaoujua umetundikwa karibu na kalenda, ni kumpiga faini ya mwendo kasi mtu asiye na baiskeli.

Na hatuombi kushindana na wazima. Kwenye riadha ya Paralimpiki kila mtu ana kundi lake: aliyekatwa mguu mmoja chini ya goti ni T64, mmoja juu ya goti T63, miwili chini ya magoti T62, miwili juu ya magoti T61. Tunaomba kufika mahali ambapo mtu wa Kigoma anaweza kupewa herufi hiyo na namba.

Sasa nifike kwenye lililoniamsha kuandika.

Mwaka uliopita soketi yangu ilianza kunikata. Kigutu husinyaa. Mwaka wa kwanza kinasinyaa sana, baadaye kidogo kidogo, na hata ndani ya siku moja asubuhi si sawa na jioni, hasa kwa joto na jasho la huku kwetu ziwani. Nilikwenda hospitali niliyoanzia nikaambiwa huduma hiyo hapa hakuna, nenda Mwanza au Dar es Salaam. Nilichagua Dar kwa sababu nina shemeji Mbagala. Basi la alfajiri, zaidi ya kilomita 1,200, mguu umevimba, nimeuvua nimeupakata kama mtoto. Siku ya tano nilimwona fundi. Alinitazama nikitembea, akaivua soketi, akaipasha kwa mashine ya kupuliza hewa moto, akaisukuma kwa kidole gumba sehemu mbili, akapiga msasa, akanirudishia.

Dakika 20, Waheshimiwa.

Kwa dakika hizo 20 nilikaa siku 11 nje ya gereji yangu, nikalipa nauli ya kwenda na kurudi, na wateja wawili wakahamia kwa jirani, ambaye mpaka leo ananisalimia kwa furaha isiyo ya kawaida. Na mimi ni mtu mzima mwenye kazi. Yule binti wa Mwandiga ana miaka 14. Alikatwa mguu akiwa darasa la pili kwa ugonjwa wa mfupa. Mtoto anakua: mfupa unarefuka, kigutu kinanenepa, soketi ya mwaka jana ni kiatu cha mwaka jana. Anahitaji fundi mara nyingi kuliko mimi, na mama yake anauza dagaa Kibirizi kwa kopo. Mnadhani atakwenda Dar mara ngapi? Amekwenda mara moja. Sasa anakimbia kwa magongo, na kwa magongo hayo ananishinda mita 60 za kwanza. Naandika hili kwa aibu yangu mwenyewe.

Kuna namba moja huwa nairudia kila nikikata tamaa. Mwaka 1980 kijana wa Kanada, Terry Fox, aliyekatwa mguu juu ya goti kwa saratani ya mfupa, alikimbia siku 143 kuvuka nchi yake akichangisha fedha za utafiti wa saratani. Alifikisha kilomita 5,373, karibu marathoni moja kila siku, mpaka saratani ilipomrudia mapafuni. Alikimbia bila kaboni. Alikuwa na mguu wa kutembelea ulioboreshwa kidogo, akiruka hatua mbili kwa mguu mzima kwa kila hatua moja ya mguu bandia, na kigutu kikitoka damu. Simtolei mfano ili watoto wetu nao watokwe damu. Namtaja kwa sababu mwenye mguu wa kawaida uliopangwa vizuri anaweza kuanza. Anaweza kujifunza kuuamini, kujenga nyonga na paja, kushindana shuleni. Upinde unakuja baadaye kwa yule aliyeonyesha anao mwendo, na unakuja ukiwa umepimwa kwa uzito wake, juu ya soketi yake, mikononi mwa fundi anayekaa karibu naye.

Afrika Kusini wamefanya hivyo. Ntando Mahlangu alizaliwa miguu yake ikiwa haikukamilika mifupa, akawa kwenye kiti cha magurudumu mpaka miaka 10, ndipo akakatwa na kuvishwa pinde na taasisi ya huko huko inayoshughulika na watoto. Miaka 14 tu alikuwa nayo alipochukua medali ya fedha ya mita 200 kwenye Paralimpiki ya Rio mwaka 2016. Tokyo akachukua dhahabu. Watu hukumbuka zile pinde. Mimi hujiuliza nani alikuwa anamrekebishia soketi kila alipokua sentimita moja, na alikaa umbali gani kutoka nyumbani kwao.

Msije mkasema Watanzania hatuna ari hiyo. Tembo Warriors, timu yetu ya taifa ya soka ya watu waliokatwa viungo, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini Uturuki mwaka 2022. Lakini angalieni mchezo ule unavyochezwa: wachezaji wa ndani wanacheza kwa magongo, mguu bandia hauruhusiwi. Magongo yanapatikana. Palipohitaji miili na moyo tu tumefika robo fainali ya dunia, na palipohitaji fundi hatuonekani. Hata kwa wazima, Alphonce Simbu alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni huko Tokyo mwaka 2025 kwa tofauti ya sekunde 0.03. Nchi iliyoshangilia sehemu tatu za mia za sekunde inaelewa kwamba soketi inayocheza nusu sentimita si jambo dogo.

Ombi langu basi, na kubwa ni moja. Mkoa uwe na chumba cha viungo bandia chenye tanuri la kupasha plastiki, plasta, mashine ya kusaga, akiba ya plastiki na vyuma, na mtaalamu mwenye kuajiriwa, anayepatikana Jumatatu mpaka Ijumaa. Wataalamu hatuagizi nje. Chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, kipo hospitali ya KCMC, Moshi, tangu mwaka 1981, na kinafundisha wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Yaani wanatoka nchi za mbali wanakuja kusoma kwetu, sisi wa Kigoma tunakosa mtu mmoja. Tafuteni vijana wawili wa mkoa huu waliofaulu sayansi, wasomesheni kwa mkataba wa kurudi. Mmoja akiwa binti itakuwa vizuri zaidi, kwa sababu msichana wa miaka 14 kumvulia mguu fundi mwanamume asiyemjua si jambo jepesi, na hilo halikuandikwa kwenye risala ya wafadhili. Msiniambie wateja hawatoshi. Kuna bodaboda, kuna kisukari, kuna nyoka, kuna kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ambako tangu mwaka 1996 tumepokea watu waliokimbia vita, na vita inakata miguu. Wengi wao wala hawataki kukimbia riadha. Wanataka kufika sokoni. Chumba ni hicho hicho.

La pili ni la bima. Soketi isihesabiwe kama kitanda cha hospitali, kwamba ukishanunua umemaliza. Mtoto apimwe upya anapokua, na marekebisho yalipiwe kama dawa ya presha inavyolipiwa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 tunayo, mkataba wa Umoja wa Mataifa tuliuridhia mwaka 2009, na ibara yake ya 20 inataja vifaa vya kumwezesha mtu kutembea kwa gharama anayoimudu. Najua mtaniambia kuna ile asilimia 2 ya mikopo ya halmashauri kwa vikundi vya watu wenye ulemavu. Tunaijua na tunaishukuru, ila mguu si mradi wa kuku. Hautagi. Siwezi kukopea kigutu halafu nirejeshe kwa awamu.

Kwa Afisa Michezo sina mengi. Weka mbio moja tu ya waliokatwa viungo kwenye mashindano ya shule ya mkoa, mita 60 au 100, hata wakitokea wanne. Andika muda wao. Kusipokuwa na muda ulioandikwa, mtoto hawezi kumwambia mtu yeyote kwamba ameongeza mwendo.

Na wafadhili wakija tena, tafadhali wapokeeni kwa heshima zote, turubai lifungwe, ngoma ipigwe. Kisha waambieni kwanza wapime, na walete mguu safari ya pili. Wakiuliza walete nini safari hii, waambieni walete tanuri.

Nimeshazungumza na mama wa yule kijana wa Ujiji. Amekubali upinde ushuke ukutani siku fundi akifika, tuone kama kuna mtu mzima wa kilo 80 katika mkoa huu ambaye unaweza kumfaa, maana nina hakika yupo. Kijana mwenyewe ameanza kuja tena uwanjani, anakaa kwenye nyasi na kuhesabu mizunguko yetu.

Tunakuwepo Uwanja wa Lake Tanganyika kila Jumamosi saa 12 asubuhi, kabla jua halijapanda: mimi, yeye, binti wa Mwandiga, na mvuvi mmoja wa Kibirizi asiyekubali kushindwa na mtoto. Karibuni mtuone. Mkija, njooni na saa ya kupimia muda, yetu imekufa betri.

Wenu mtiifu,

Fundi pikipiki, Mwanga, Kigoma